Namna ya kumsaidia mtoto mwenye mtindio wa ubongo aeleweke: ubao wa picha, herufi na vizibo vya soda

Binti yangu ana miaka 11. Mwezi uliopita tulikuwa dukani kwa jirani hapa Uyole, Mbeya, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, mimi nyuma yake. Akasema, "Uui." Muuza duka akaniangalia mimi. Nikanyamaza. Binti akashusha mkono wa kulia taratibu kwenye kadi iliyokuwa mapajani, kidole kikapita juu ya herufi, kikapotea kidogo, kikarudi, kikatua kwenye CH. Akavuta pumzi, akasema tena, "Chu-vi." Muuza duka akageuka rafuni, akachukua pakiti ya chumvi, akamkabidhi yeye mwenyewe mkononi. "Haya mwanangu, mia tano."

Alichotamka mara ya pili hakikupishana sana na cha kwanza. Muuza duka alikuwa tu amepewa pa kuanzia. Mwongozo huu ni wa kumpa msikilizaji pa kuanzia. Nauandikia mzazi mwenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe ambaye hana mtaalamu wa tiba ya usemi karibu, kwa sababu wataalamu hao ni wachache mno nchini na wengi wako mbali nasi.

Kwanza uelewe kinachotokea mdomoni

Mtindio wa ubongo unatokana na ubongo kuumia ungali unakua: mimba ikiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, wengine ni njiti, wengine walipata manjano makali wakiwa wachanga, homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Wangu alichelewa kulia. Jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki kadiri mtoto anavyokua, ila mwili unabadilika, kwa hiyo mahitaji nayo yanabadilika.

Ili mtu aseme neno moja tu, mapafu yasukume hewa, koo litoe sauti, kaakaa lizibe njia ya puani, na ulimi, midomo na taya vifuatane kwa mpangilio kufumba na kufumbua. Kwa mtoto wetu, amri za ubongo zinafika kwenye misuli hiyo zikiwa zimechelewa, zimezidi nguvu au zimepungua. Ndiyo maana sauti inakuwa ndogo au ya puani, na maneno yanaburuzika. Kutamka ni kazi ya misuli, na mtoto anaweza kuwa na maneno mengi kichwani ambayo misuli inashindwa kuyatoa. Katika nchi ambazo zimefuatilia watoto hawa kwa muda mrefu, takriban mtoto 1 kati ya 4 hasemi kabisa, na karibu nusu wana ugumu fulani wa kiakili. Maana yake karibu nusu nyingine hawana ugumu huo, ila wengi wao huchukuliwa kama wanao.

Utaambiwa umkate udata. Mimi niliambiwa na watu wasiopungua watano, akiwemo shangazi yangu ninayemheshimu sana. Kamba ya chini ya ulimi inaweza kweli kuwa fupi kwa watoto wengine, na daktari ndiye wa kuiangalia, lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo haburuzi maneno kwa sababu ya kamba hiyo. Kumkata kwa wembe nyumbani kunaleta damu na maambukizi, na usemi unabaki pale pale. Kukata kimeo vivyo hivyo.

Hofu nyingine, ambayo mimi nilikaa nayo mwaka mzima, ni kwamba ukimpa picha za kuonyesha anachotaka kusema atabweteka, hataongea tena. Niliupoteza mwaka ule bure. Mwaka 1971 huko Toronto, Kanada, walimu na wataalamu walianza kuwapa watoto wenye mtindio wa ubongo alama za kuchora zilizobuniwa na Charles Bliss, na tangu hapo njia za namna hii zimechunguzwa sana. Tafiti hazikuonyesha kwamba ubao wa picha unaua usemi. Watoto wengi waliopewa ubao waliongeza maneno ya mdomoni, au kwa uchache walibaki pale walipokuwa. Mtoto anayeeleweka hupata hamu ya kusema.

Hatua ya kwanza: masikio, macho na kikao

Kabla hujakata boksi lolote, mpeleke mtoto akapimwe masikio na macho. Usilipuuze hili hasa kama alipata manjano makali alipozaliwa, maana manjano yanaweza kuharibu usikivu. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kutamka vizuri, na utamlaumu ulimi bure. Ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa wako, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Ukifika, ulizia pia idara ya fiziotherapia na ya tiba kwa vitendo, hata kama mwenyewe ulifuata usemi.

Kikao ndicho kinachobeba kila kitu. Mtoto aliyelegea kwenye kiti, kichwa kimeanguka mbele na miguu inaning'inia, pumzi yake yote inaishia kwenye kupambana na mwili. Makalio yafike nyuma kabisa ya kiti, nyonga zipinde kama kona ya meza, magoti vivyo hivyo, nyayo zikanyage kitu. Kama miguu haifiki chini, weka tofali lililofungwa kitambaa. Meza iwe usawa wa viwiko. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti hiki ukimpelekea vipimo vya mtoto: urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kutoka goti hadi kisigino, na upana wa nyonga. Ipo pia njia ya kutengeneza viti kwa maboksi yaliyopangwa tabaka kwa tabaka na kugandishwa kwa uji wa unga wa ngano, njia iliyoanzia Zimbabwe. Kikikauka vizuri kinakuwa kigumu kama mbao. Tatizo ni unyevu: kwa mvua za Tukuyu, kipake rangi ya mafuta na usikiache barazani.

Halafu kuna baridi. Wenzetu wa Dar es Salaam hawalijui hili. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Makete, Mafinga au hapa Uyole, misuli ya watoto hawa inakaza, na mtoto aliyesema maneno matatu jioni atashindwa hata moja saa moja asubuhi. Usimfanyishe mazoezi muda huo. Mpe uji wa moto, mvishe soksi na sweta, mkande mikono kwa taratibu, mngoje jua litoke.

Hatua ya pili: ndiyo na hapana

Hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo mlango. Mwangalie mtoto siku tatu au nne bila kumfundisha chochote. Anapotaka kitu anafanyaje? Anapokataa je? Tafuta mijongeo miwili anayoimudu kila mara, ambayo haifanani. Wangu hutazama juu kwa "ndiyo" na hugeuzia uso kushoto kwa "hapana". Kutikisa kichwa kulimshinda kwa sababu kichwa chake kilikuwa kinatikisika chenyewe, na sisi tukawa tunasoma majibu ambayo hakuyatoa.

Mkishaipata, nyumba nzima ikubaliane, pamoja na dada wa kazi na bibi. Mwulize swali moja kwa wakati. "Unataka chai au uji?" ni maswali mawili kwa mtoto anayejibu kwa ndiyo na hapana. Uliza, "Unataka chai?" Subiri. Kisha, "Unataka uji?" Na kila atakapojibu, tamka ulichokiona: "Umetazama juu, kumbe ndiyo." Hapo anajua umempata, na kama umekosea ataona nafasi ya kukusahihisha.

Hatua ya tatu: tengeneza ubao

Unahitaji katoni ngumu, mkasi, kalamu nzito, gundi, na selotepu pana ya uwazi. Ukiweza, peleka picha steshenari zipigwe laminesheni, maana zitamwagikiwa na mchuzi na udenda. Picha piga mwenyewe kwa simu: kikombe chake yeye, mlango wa choo chenu, sura ya bibi yake. Kwa maneno yasiyopigika picha, kama "tena" au "sitaki", chora alama rahisi, au chukua kutoka mkusanyiko wa ARASAAC, ambao serikali ya jimbo la Aragon nchini Hispania imeuweka bure mtandaoni. Chini ya kila picha andika neno kwa herufi kubwa, ili wasomaji wote wamsomee vilevile.

Ukubwa wa vyumba vya kuwekea picha usiukisie. Paka kiganja cha mtoto unga, weka katoni nyeusi au iliyopakwa masizi mbele yake, mwambie aguse nukta moja uliyochora, mara kumi. Tazama unga ulivyosambaa. Upana wa huo msambao ndio upana wa chumba kimoja. Kwa binti yangu ilitoka saizi ya sanduku la kiberiti mara mbili, kwa hiyo ubao wa kwanza ulibeba picha nane tu. Leo mkono umetulia kidogo, na kadi ya herufi inamtosha.

Sasa maneno yenyewe, na hapa nilikosea. Ubao wangu wa kwanza ulikuwa na ugali, maharage, ndizi, parachichi, chai, maji, uji na pipi. Nilidhani nimempa lugha, kumbe nilimpa menyu. Wiki mbili nzima aliomba chakula, kisha akaacha kuugusa, maana hakukuwa na namna ya kusema kitu kingine chochote. Weka kwanza maneno yanayofanya kazi kila mahali: nataka, sitaki, tena, basi, nisaidie, naumwa, twende, angalia, nini, mimi, wewe. Weka na "siyo hivyo", ili akusahihishe. Vyakula wape ukurasa wao wa pili.

Na neno la kwanza kabisa, juu kushoto, liwe Shikamoo. Katika mila zetu mtoto asiyeamkia wakubwa huhesabiwa hana adabu, au hana akili, na mtu akishahukumu hivyo hatasubiri neno la pili. Siku binti yangu alipogusa Shikamoo mbele ya balozi wa nyumba kumi, mzee yule akaitika "Marahaba, mjukuu wangu," akavuta kigoda akakaa. Tangu siku hiyo humsalimia yeye kabla yangu. Kama bibi yake yuko Tukuyu, ongeza Mugonile. Kama mko Iringa au Njombe, ongeza Kamwene. Lugha mbili hazimchanganyi mtoto. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayelelewa kwa Kinyakyusa na Kiswahili anastahili zote mbili, na ukimwondolea lugha ya bibi unamwondolea bibi.

Ukishapanga, usihamishehamishe. Mkono hukumbuka njia. Ukiongeza maneno, acha ya zamani mahali pake.

Kama mikono haimudu kabisa, tumia macho. Chukua katoni ya ukubwa wa sinia, kata dirisha katikati, bandika picha moja kwenye kila kona. Ishike kati yenu, yeye akuone kupitia dirishani nawe uyaone macho yake. Anatazama kona anayoitaka, kisha anakutazama wewe: huko kurudi ndiko kusema "nimemaliza". Sema unachokiona, mwache akubali au akatae. Na kama macho nayo hayatulii, wewe ndiye upite kwa kidole picha moja moja ukizitaja polepole, yeye atoe "ndiyo" yake ukifika panapotakiwa. Inachukua muda, ila inafanya kazi.

Hatua ya nne: uuseme ubao wewe kwanza

Mtoto yeyote husikia maneno karibu mwaka mzima au zaidi kabla ya kutoa la kwanza. Ubao nao ni lugha, kwa hiyo lazima aone watu wakiutumia. Ukipika, gusa "angalia" huku ukisema, "Angalia, maji yanachemka." Ukimmiminia chai gusa "tena", uliza, "Tena?" Mdogo wake akianguka, gusa "naumwa". Usimshike mkono kwa nguvu ukagusisha picha, wala usimwambie "sema maji ndipo nikupe". Hakuna mtoto mwingine nyumbani anayenyimwa maji mpaka afaulu mtihani.

Weka lengo dogo: mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, katika shughuli zile zile za kila siku. Akitumia neno moja, wewe mwonyeshe mawili. Akigusa "twende", gusa "twende" kisha "bibi": "Twende kwa bibi." Usihesabu siku. Kwetu ilipita miezi mitatu kabla hajagusa kitu mwenyewe bila kuulizwa, na alichogusa ni "basi", nikiwa namchana nywele.

Hatua ya tano: subiri

Ukiuliza swali, hesabu moja mpaka kumi moyoni, ukimtazama usoni kwa upole, mdomo umefumbwa. Kumi inaonekana ndefu mno mpaka uijaribu. Ubongo wake unapokea, unachagua neno, unaamuru mkono, mkono unapingana na misuli yake wenyewe, kisha ndipo sauti inafuata. Ukirudia swali sekunde ya nne, umemfuta aanze upya.

Wanaovuruga hatua hii ni wale wanaompenda zaidi. Kaka yake alikuwa akimsemea kila kitu: "Anataka maji. Amechoka. Anataka kutoka." Mara nyingi alipatia, na kwa sababu alipatia, binti hakuwa na haja ya kusema. Sikumkemea. Nilimpa kazi: wewe ndiye mlinzi wa zamu yake, mtu akimkatiza, mwambie asubiri. Tangu hapo yeye ndiye mkali kuliko mimi. Juzi alimwambia mjomba wake, mtu mzima, "Samahani mjomba, bado hajamaliza."

Hatua ya sita: ubao na mdomo pamoja

Hapa ndipo usemi wenyewe unapoanza kueleweka. Kwa mtoto anayetoa sauti na vipande vya maneno, usiuache ubao uwe badala ya mdomo, viende pamoja.

Anza na mada. Kabla hajasema sentensi, aguse picha inayosema anaongelea nini: shule, kanisani, sokoni, nyumbani, mwili wangu. Mtu akishajua tunaongelea soko la Mwanjelwa, "anana" anaisikia "nyanya". Bila mada angeweza kuisikia kuwa neno lolote. Picha tano au sita za mada kwenye ukingo wa kadi zinatosha.

Kisha herufi ya kwanza. Mtoto anagusa herufi inayoanza neno, na papo hapo analitamka. Msikilizaji anapunguziwa maneno ya kubahatisha, na mtoto mwenyewe, kwa kuwa mkono wake ni mzito, analazimika kusema polepole, neno baada ya neno. Faida mbili kwa kidole kimoja. Haihitaji mtoto ajue kusoma vitabu, inatosha atambue herufi.

Lakini angalia, Kiswahili chetu kina jambo lake. Ninataka, ninakula, ninaumwa, ninalala: zote zinaanza na N. Ukimfundisha aguse N kila mara, hajamsaidia mtu. Sisi tulifika mahali tukakwama hapo kabisa, mpaka tukapanga hivi: nani anayetenda anaonyeshwa kwa picha (mimi, wewe, yeye), kisha kidole kinakwenda kwenye herufi inayoanza mzizi. "Ninalala" ni picha ya mimi, halafu L. "Anasoma" ni picha ya yeye, halafu S. Kwa majina yanayoanza na M, ambayo hayana idadi, anagusa M na konsonanti inayofuata: mkate ni M-K, mpira ni M-P, mti ni M-T. Kadi yetu ina herufi 24 za alfabeti ya Kiswahili, kwa mpangilio ule ule wa ubao wa darasani, na nimeongeza chumba cha SH na cha NY. Irabu tano nimezipaka rangi nyekundu.

Vizibo vya soda ni kwa ajili ya mwendo. Chukua kipande cha ubao chenye urefu wa rula, pigilia vizibo vinne kwa mstari, ncha za misumari uzipinde nyuma zisichome, na vizibo vilale kifudifudi, upande laini juu. Kila silabi, kizibo kimoja. Sa-ma-ki: vizibo vitatu. Ki-te-nge: vitatu. Nyu-mba: viwili. Silabi ya Kiswahili karibu kila mara huishia na irabu, kwa hiyo lugha yetu inakatika vizuri kwa mkono. Mtoto akigusa, silabi iliyokuwa inamezwa inarudi. Na avute kidogo ile ya pili kutoka mwisho, ambako mkazo wa Kiswahili hukaa: sa-MAA-ki. Hata konsonanti zikipotea, irabu zikiwa safi na mkazo uko mahali pake, sikio la Mswahili litaliokota neno.

Pumzi nayo ipangwe. Avute hewa, aanze kusema hapo hapo hewa ikiwa nyingi, maneno mawili au matatu, anyamaze, avute tena. "Kesho mimi." Pumzi. "Naenda shule." Watoto wengi huanza kusema hewa ikishaisha, na mwisho wa sentensi hufa. Jizoezeni kwa maneno anayoyahitaji siku hiyo, dakika kumi, mara moja au mbili kwa siku, na mwache akichoka. Usihangaike na kumpulizisha mishumaa, kutoa ulimi nje au kupuliza mirija. Misuli hujifunza kusema kwa kusema, na mazoezi ya kupuliza hayajaonyesha kubadilisha usemi. Sauti za S, SH na Z zitachelewa zaidi kuliko za P, B na M, maana zinataka ulimi usimame karibu sana na kaakaa bila kugusa. Zisamehe, mradi neno linaeleweka.

Asipoeleweka, usijifanye umeelewa. Watoto wanajua. Rudia kile ulichokipata, ili asianze upya: "Nimesikia shule. Shule, halafu?" Ikishindikana, punguza kwa maswali: ni mtu? ni kitu? ni mahali? ni jana au kesho? Ikishindikana bado, mwambie ukweli: "Sijakupata, na nataka kukupata. Tutajaribu tena baada ya kula." Kisha kweli urudi baada ya kula.

Hatua ya saba: shule na mtaa

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma kama wenzake. Nenda shuleni na ubao mkononi, kaa na mwalimu dakika ishirini, mwonyeshe "ndiyo" na "hapana" za mtoto, mwombe ahesabu mpaka kumi. Mwalimu mmoja, katika shule ambayo siitaji, aliufungia ubao kabatini akisema unachezewa. Sikugombana. Nilitengeneza wa pili, nikautoboa, nikaufunga kamba kwenye kiti. Kuwe na nakala mbili siku zote, na picha ya ubao kwenye simu yako, kwa ajili ya siku ubao utakaposahaulika kwenye daladala.

Marafiki wafundishwe pia. Watoto huelewa haraka kuliko sisi. Iringa, kwenye mgahawa wa Neema Crafts, wateja wanahudumiwa na wahudumu viziwi, na watu huagiza kahawa kwa kuandika na kwa ishara bila shida yoyote. Nilimpeleka binti yangu pale makusudi, aone watu wazima wakiongea bila kutegemea mdomo peke yake.

Simu, kama unayo ya kugusa, inaweza kubeba sauti. Rekodi maneno kwa sauti ya msichana wa umri wake, siyo yako, kwa sababu hataki kusikika kama mama yake. Lakini chaji huisha, mvua hunyesha. Katoni haizimi.

Jambo la hospitali, siyo la ubao

Mtoto akikohoa au kupaliwa kila anapokula, sauti ikiwa kama ina maji baada ya kunywa, au akiugua kifua mara kwa mara, mwone daktari mapema. Chakula kinaweza kuwa kinaingia njia ya hewa. Mlishe akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kamwe siyo akiwa amelazwa chali. Na akipoteza neno au mjongeo aliokuwa nao, usiseme ni mtindio tu, mpeleke.

Hatua ya nane: maneno mapya

Kila Jumapili jioni tunakaa na ubao, kalamu na gundi. Namwuliza ni neno gani alilitaka wiki hiyo akalikosa. Wakati mwingine hana, tunafunga. Jumapili iliyopita aligusa picha ya kaka yake, kisha U, kisha N, kisha G, akavuta pumzi akasema, "Oo-ngo." Kaka akaanza kujitetea. Nikachora alama, nikaandika UONGO chini yake, nikamwuliza aiweke wapi. Akaonyesha juu kulia, karibu na mkono.